Jinsi ya kujibu maswali ya vijana kuhusu VVU na afya ya uzazi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Hii naiandika kwa ajili ya waelimishaji rika, walimu wa malezi, viongozi wa vijana kanisani na msikitini, na nyie kaka na dada wakubwa wa mtaani ambao kila mara mnanifuata na kilio kile kile. Tumeweka boksi la maswali, tumeita vijana, tumeongea masaa 2, afu wameondoka kama walivyokuja, na wiki inayofuata unasikia binti wa form two ana mimba, au mkaka kaenda kujinunulia dawa za gono dukani bila kupimwa.

Nimekaa na wengi wenu hapa Dodoma, kuanzia Chang'ombe na Nkuhungu mpaka huko Kibaigwa sokoni, na kosa naliona ni lile lile. Mnapanga maswali kwa mada wakati yanatakiwa kupangwa kwa muda. Swali la kijana kuhusu VVU mara nyingi lina saa inayotembea ndani yake, na ukilijibu zuri kabisa lakini kwa kuchelewa, umejibu bure.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Boksi lenye kufuli. La mbao ni zuri, ila hata ndoo ya rangi yenye mfuniko ukiitoboa tundu na kuifunga kwa kufuli inatosha. Funguo ziwe 2, moja kwako na moja kwa mwenzio.
- Karatasi zilizokatwa saizi moja na bolipeni za rangi moja. Mwenye bolipeni nyekundu peke yake darasani atajulikana.
- Wawezeshaji wawili, mwanamke na mwanaume.
- Kondomu za kufundishia (angalia tarehe ya kuisha muda) na gunzi la muhindi au kipande cha mti kilicholainishwa.
- Karatasi ya vituo, nitaieleza hatua ya 1.
- Daftari la maswali lisilo na jina la mtu yeyote.
- Ruhusa. Shuleni ni kwa mkuu wa shule, mtaani ni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na wazazi waambiwe mapema kitakachofundishwa. Mzazi akisikia juu juu tu kwamba "wanawafundisha watoto ngono" kazi yako imeisha siku hiyo.

## Hatua ya 1: Zunguka vituo wewe mwenyewe

Kabla hujajibu swali hata 1, nenda kwa miguu yako zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na vijana wako, afu nenda na hospitali kubwa inayofuata. Usiulize kwa simu tu. Uliza hivi: dawa ya kuzuia maambukizi baada ya tukio, ile PEP, hapa mnayo? Jumamosi usiku na Jumapili nani anaitoa? Huduma rafiki kwa vijana ni siku gani, saa ngapi, mlango upi? Binti akija peke yake atapokelewa na nani?

Sababu ni kwamba jibu la "nenda hospitali" kwa kijana wa miaka 16 ni sawa na kutomjibu. Atafika pale mapokezi, atakuta foleni, atamkuta jirani yao, na mtu wa dirishani atamuuliza kwa sauti "unaumwa nini", atageuza arudi nyumbani. Nimeona wakigeuza getini.

Kwenye karatasi yako andika pia namba 2 za bure: 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na 199 ya wizara ya afya. Andika na dawati la jinsia na watoto la polisi lililo karibu, na hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono, pale ambapo aliyefanyiwa ukatili anapata daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja.

Umefanikiwa ukiweza kusema bila kusoma popote: "nenda kituo fulani, pita mlango wa pembeni, ulizia nesi wa vijana, Jumanne na Alhamisi mchana."

## Hatua ya 2: Kusanya maswali bila kumuanika mtu

Kila mtu apewe karatasi na kila mtu aandike. Asiye na swali aandike "sina swali" au achore chochote. Ukisema "mwenye swali aandike" watainama watatu na hao watatu watajulikana mpaka mwaka uishe.

Waache waandike kwa lugha yao. Ngoma, kukanyaga waya, gono, kavu, ndomu, danga, yote ruksa. Ukiwalazimisha kuandika "maambukizi ya magonjwa yatokanayo na ngono" hawataandika kitu. Na wewe ukisoma swali soma kama lilivyoandikwa, usikunje uso, afu kwenye jibu ndo uweke neno la kitaalamu taratibu.

Angalizo: mwalimu wa darasa asishike hizo karatasi. Anajua mwandiko wa kila mtoto, na watoto wanajua kwamba anajua.

## Hatua ya 3: Panga maswali kwa saa

Hapa ndo wengi mnaanguka, na mimi nilianguka vibaya kabla yenu, kwaiyo nitakaa hapa kidogo.

Miaka ya nyuma tulikuwa na boksi kwenye shule moja wilaya ya Chamwino. Tulikuwa tunalifungua kila Ijumaa, tuliona inatosha maana ratiba ilikuwa imekaa vizuri. Ijumaa moja nafungua nakuta karatasi imeandikwa: "mtu akifanywa kwa nguvu kuna dawa asipate ngoma? inaisha lini". Pembeni juu, kwa mwandiko mdogo, kaandika Jumatatu. Dawa ipo. Inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Jumatatu mpaka Ijumaa mchana, hesabu mwenyewe. Nilitangaza jibu siku hiyo hiyo, nikazunguka madarasa yote, nikaacha namba, nikarudi Jumamosi na Jumapili. Hakuna aliyekuja. Mpaka leo sijui ni nani, na naifikiria ile karatasi kila nikishika ufunguo.

Kwaiyo sheria ya kwanza: boksi linafunguliwa kila siku. Sheria ya pili: ukishafungua, gawa mafungu 3 kabla hujafikiria mada.

Fungu la leo leo. Chochote chenye harufu ya tukio lililotokea juzi au jana: kondomu imepasuka, kalazimishwa, kachomwa na sindano, kalala na mtu kavu na sasa ana wasiwasi, P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) inafanya kazi mpaka siku ya ngapi. Kwenye fungu hili weka pia maswali ya "mtu". "Mtu akishikwa shikwa na mjomba wake afanyeje" sio swali la nadharia, chukulia kwamba mtu ni yeye.

Fungu la wiki hii. Nikikojoa nasikia moto, natokwa na usaha, kuna kidonda hakiumi huko chini, sijaona siku zangu mwezi wa pili sasa. Haya yanasubiri siku 1 au 2 lakini hayasubiri mwisho wa mwezi. Kidonda kisichouma ni mfano mzuri, kinaweza kuwa kaswende, na kinapona chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini, kijana anadhani kapona.

Fungu la kawaida. Mbu, mate, choo, bikira, tohara. Haya ndo ya kwenye kipindi.

Sasa fungu la leo leo utamjibuje mtu usiyemjua? Unamjibu kwa kuwaambia wote, siku hiyo hiyo, pale mstarini au kwenye ubao wa matangazo, kama taarifa ya kawaida tu: "Mtu yeyote aliyefanya au kufanyiwa ngono bila kinga ana saa 72 kupata dawa ya kuzuia VVU, anaanza mapema iwezekanavyo, usisubiri saa ya 71, kituo ni hiki, mlango ni huu." Usiseme "kuna mwenzenu kauliza". Vichwa vitageuka vyote.

Umefanikiwa kama hakuna karatasi ya fungu la kwanza iliyolala kwenye boksi.

## Hatua ya 4: Andika majibu kabla ya kipindi

Kila jibu lifuate mpangilio huu: ndiyo au hapana kwanza, afu sababu, afu cha kufanya, afu wapi. Vijana wanasikiliza sekunde 10 za mwanzo, ukianza na "kwanza kabisa VVU ni kifupi cha..." umewapoteza. Maswali yanayojirudia sana, na pale mnapoteleza, ni haya.

Mbu anaambukiza? Hapana. Mbu akikung'ata anaingiza mate yake, hakurudishii damu ya mtu mwingine, na VVU haviwezi kuishi na kuzaliana ndani ya mbu. Mpe hiyo sababu, maana "hapana" kavu haimtoshi mtu aliyekulia anang'atwa na mbu wa malaria.

Denda, kula sahani moja, choo cha shimo? Hapana, mate na jasho havisambazi. Vinavyosambaza ni damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Ukiitaja hiyo orodha watajibu maswali 20 wenyewe.

Nimepima juzi nipo negativu, niko salama? Inategemea lini ulifanya. Kipimo cha haraka cha kwenye kidole kinatafuta askari wa mwili (kingamwili), na askari wanachukua muda kutokea, kwaiyo rudia baada ya miezi 3 toka tukio. Wengi mnawaambia majibu ni majibu, mnasahau kuuliza tarehe. Kile cha kujipima mwenyewe nacho kipo, sheria ilikiruhusu 2019, ila kikionesha mistari 2 lazima uende kituoni kuthibitisha.

Anayetumia dawa anaambukiza? Hili ndo swali ambalo wawezeshaji wanaogopa kusema ukweli, wanadhani vijana wataacha kujikinga. Ukweli ni kwamba mtu anayeishi na VVU akinywa ARV (dawa za kufubaza virusi) vizuri kila siku, akapimwa wingi wa virusi na vikawa havigunduliki, hawezi kumuambukiza mwenzie kwa ngono. Kawaida inachukua kama miezi 6 ya dawa kufika hapo. Usipunguze, usiweke "lakini" 5 nyuma yake.

Na kuna sababu nyingine ya kulisema kwa sauti. Kwenye darasa la watoto 60 chukulia kwamba yupo aliyezaliwa na VVU. Yuko bweni, anaficha kidonge chake kwenye soksi, anakinywa usiku taa zikizimwa, na anakusikiliza wewe aone utasema nini kuhusu watu kama yeye. Ukisema "ukipata ngoma umekwisha", yeye ndo umemwambia amekwisha, na kesho anaweza akaacha dawa. Kwaiyo futa neno waathirika, sema watu wanaoishi na VVU. Waambie pia wanasoma, wanaoa na kuolewa, na mama anayetumia dawa vizuri ana nafasi kubwa sana ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi.

P2 inazuia ngoma? Hapana, inazuia mimba tu, nayo ni ya dharura, ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora. Haiui kizazi. Ila sio ya kila wiki, anayeihitaji kila wiki apelekwe kwa nesi wa uzazi wa mpango.

Kondomu 2 ni salama zaidi? Hapana, zinasuguana na kupasuka. Na mafuta ya mgando yanaharibu mpira wake. Usieleze kwa mdomo, onesha kwenye gunzi, kila mtu afanye mwenyewe: angalia tarehe, chana kwa vidole na sio meno, bana ncha kutoa hewa, vaa, shika kwenye shina wakati wa kutoa.

Nikitahiriwa sipati? Hapana sio kinga kamili. Tohara inapunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke, basi, asilimia inayobaki ipo. Kidonda kipone kwanza, wiki 6. Huku kwetu jando bado lina heshima yake, kwaiyo ongea na wazee kwa adabu: kisu kimoja kisipite kwa vijana wawili. Na mabinti wakiuliza kuhusu kukeketwa, jibu wazi kwamba haina faida yoyote kiafya, inaumiza, inaweza kuua, na kumfanyia mtoto chini ya miaka 18 ni kosa la jinai.

Siku salama ni zipi? Msimpe binti wa miaka 15 hesabu ya kalenda mkadhani mmemsaidia. Mzunguko wake bado unayumba na mbegu zinaweza kuishi mpaka siku 5 ndani. Nimewaona mabinti waliohesabu vizuri kabisa na mimba ikaingia.

Ile chanjo ya shuleni ilikuwa ya kutufunga kizazi? Hapana. Ni ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Toka 2024 inatolewa dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14.

Ukikutana na swali hulijui, andika "kesho" pembeni na uende kuuliza. Usibahatishe. Kijana atasahau mengi uliyosema vizuri ila lile moja la uongo atalibeba.

## Hatua ya 5: Siku ya kipindi

Watenganishe wasichana na wavulana saa ya kwanza, afu waunganishe. Chini ya mbuyu pana hewa na pana nafasi ya kukaa duara, ila angalia upepo, karatasi za maswali zikipeperushwa uwanjani ni janga.

Usiulize kamwe "nani kauliza hili". Usicheke, hata swali likiwa la kuchekesha, maana kwa aliyeliandika sio kichekesho. Na usianze na mahubiri. Najua wengi wenu mnatoka kwenye nyumba za ibada na mimi pia naamini kusubiri ni jambo jema, ila liseme baada ya kujibu, kama chaguo la kweli lenye heshima. Kijana aliyeuliza "kondomu inavaliwaje" ukimjibu "subiri ndoa" kaelewa kwamba huna msaada kwake, na atamuuliza mtu mwingine kijiweni.

Umefanikiwa kama maswali ya nyongeza yanatoka kwa midomo, bila karatasi. Vijana wa Kigogo kule vijijini wana aibu sana mbele ya wakubwa, kwaiyo ukiona mmoja kanyoosha mkono mwenyewe, shukuru.

## Hatua ya 6: Yule anayebaki nyuma

Atakuwepo. Anakunja kunja mkeka ambao hujamuomba akunje, anauliza saa ngapi. Msubiri, usiondoke na bodaboda haraka haraka.

Kaeni sehemu mnayoonekana lakini hamsikiki. Msikilize mpaka mwisho bila kumuuliza "kwa nini ulienda". Usiahidi "sitamwambia mtu yeyote". Sema hivi: "nitatunza siri yako, ila kama kuna mtu anakuumiza itabidi tumpate mtu wa kukulinda, na tutamchagua pamoja." Ukiahidi siri kamili afu ukaivunja, hatamwamini mtu mzima tena.

Mwambie kitakachotokea kituoni ili asiogope: watampima kwanza, akiwa hana virusi wataanza PEP, vidonge kila siku kwa siku 28, afu atarudi kupimwa. Kama saa 72 zimepita bado aende, kuna magonjwa mengine, kuna mimba, kuna vipimo vya baadae. Kama kalazimishwa asioge wala kufua nguo kwanza kama inawezekana, lakini kama ameshaoga aende hivo hivo. Fomu ya polisi, PF3, inafuatiliwa, ila matibabu yatangulie, saa inatembea.

Kuhusu umri: toka marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, yaliyopitishwa na bunge hapa hapa Dodoma, mwenye miaka 15 anaweza kuridhia kupima VVU mwenyewe bila mzazi. Chini ya hapo mtafute mzazi au mlezi anayemuamini, anaweza kuwa shangazi au bibi. Na kumbuka, mwanaume anayelala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wake kwa sheria yetu ni ubakaji hata binti akisema alikubali. Usikae na familia kuzungumza fidia ya ng'ombe.

Kama binti tayari ana mimba, mpeleke kliniki mapema na mwambie shule haijaisha. Toka Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni, wengi kule vijijini bado hawajui.

Mwisho, nenda naye. Kama huwezi, mpe nauli na umpigie nesi kwamba anakuja. Umefanikiwa pale nesi anapokuambia kafika.

## Hatua ya 7: Baada ya hapo

Andika maswali kwenye daftari bila majina wala vidokezo (usiandike "binti mrefu wa 3B"), afu choma karatasi zote siku hiyo hiyo. Yale maswali ya "kesho" yarudi na majibu kesho kweli.

Kila baada ya miezi 3 rudia hatua ya 1. Manesi wanahamishwa, milango inabadilika, dawa zinaisha stoo, na karatasi yako ya zamani inaweza kumpeleka mtoto kwenye mlango uliofungwa.

Na ukisafiri, hata kama ni siku 2 tu umeenda msibani Singida, ule ufunguo wako mwachie mtu wa tatu mliyemuandaa, maana mwenzio naye anaweza kuugua, na boksi lifunguliwe kesho asubuhi kama kawaida.